Amri Zinazolala Masjala: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Mahakama, Polisi na Sheria za Familia

Kwa majaji wakuu, wasajili wa mahakama, wakuu wa polisi na watunga sheria,

Waheshimiwa,

Ripoti zenu huhesabu amri za ulinzi zilizotolewa. Amri iliyogongwa muhuri asubuhi ikamfikia mhusika kabla ya magharibi huhesabiwa moja. Iliyogongwa muhuri ikalala kwenye trei ya masjala siku kumi na mbili nayo huhesabiwa moja. Aliyeomba ile ya kwanza ana kinga. Aliyeomba ya pili ana karatasi mkobani. Tunaomba mhesabu upya, na tunaeleza hapa ni wapi hasa amri huchelewa, hupotea au hufa kabla haijamfaa mtu.

Tuanze na msingi, maana hata ndani ya ofisi zenu si wote wanaoujua. Amri ya ulinzi ya muda ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kumdhuru, kumtisha, kumfuatafuata au kuwasiliana na mwenzi, mtalaka, mzazi, mtoto au ndugu yake. Hutolewa kwa kusikiliza upande mmoja, kwa sababu kumwita kwanza mjibu maombi, yaani yule anayelalamikiwa, ni kumpa taarifa pamoja na muda wa kulipiza. Hakimu husoma hati ya kiapo, humuuliza mwombaji maswali machache, na akiona hatari ipo hutoa amri ya siku chache na kupanga tarehe ya kuwasikiliza wote wawili. Siku hiyo amri hufutwa, hurefushwa, au hutolewa amri kamili. Kesi ya jinai si lazima iwepo. Amri haigusi umiliki wa nyumba wala haivunji ndoa; inaamua tu nani alale wapi kwa sasa. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, katika ibara ya 53, unataka amri hizi zipatikane kwa ulinzi wa papo hapo, bila kumtwisha mwathiriwa mzigo usiostahili wa gharama au urasimu. Ni mkataba wa Baraza la Ulaya, lakini ukitaka kipimo cha kukagulia kazi yako, unafaa popote.

Dirisha la masjala ndilo mahali pa kwanza amri huharibika. Fomu ina nafasi ya kueleza kilichotokea, na karani mwenye foleni hadi mlangoni humwambia mwombaji aandike kwa kifupi. Anaandika: "Mume wangu ni mkali, ananipiga na kunitukana kila mara." Hakimu akisoma hapo hana tarehe, hana tendo, hana kinachoonyesha kwamba hatari ni ya sasa. Mtu yuleyule, akiulizwa vizuri, angeandika hivi: "Jumapili iliyopita, saa nne usiku, chumbani, alinikaba koo kwa mikono miwili mpaka nikaona giza. Sauti ilikwaruza siku tatu. Mtoto wetu wa miaka sita alikuwa mlangoni. Alisema nikienda kwa ndugu zangu atanifuata animalize." Sentensi nne tu, lakini zina siku, tendo, dalili ya mwili, shahidi na tishio la mbele.

Karani haruhusiwi kumtungia mwombaji maneno, na asithubutu. Anachoweza ni kuuliza: mara ya mwisho ilikuwa lini, alifanya nini hasa, kwa kutumia nini, nani aliona, alisema atafanya nini. Maswali hayo yachapwe juu ya fomu yenyewe, herufi kubwa, ili yasitegemee hisani ya aliye zamu.

Swali la kukabwa koo liwe na mstari wake peke yake. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama ya nje, na mtu akiulizwa kama aliumizwa hujibu hapana, kisha anaeleza kwa sauti iliyokauka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba kwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake, uwezekano wa kuja kuuawa ulikuwa zaidi ya mara saba ukilinganisha na asiyewahi. Hakimu anastahili kuijua habari hiyo kabla ya kuamua amri iwe ya namna gani. Vivyo hivyo silaha iliyomo ndani ya nyumba, vitisho vya kuua au kujiua, na kama mwombaji ametoka nyumbani karibuni au yumo njiani kutoka. Siku za kuachana ndizo za hatari kubwa, na kwa wengi ombi la amri ndilo tangazo lenyewe la kuachana.

Kuhusu ushahidi, kuna kosa moja dogo linalowagharimu wengi. Mwombaji huleta picha ya skrini yenye vitisho, na juu yake pameandikwa jina alilohifadhi mwenyewe: "Baba Watoto". Wakili wa upande wa pili hana kazi. Anauliza tu, baba watoto yupi? Namba ionekane, tarehe na saa zionekane, ujumbe wa asili usifutwe, na simu yenyewe ije siku ya kusikilizwa. Bandikeni maneno hayo ukutani hapo dirishani. Na tafadhali, maafisa wenu waache kumrudisha mtu eti akalete kwanza cheti cha hospitali au namba ya taarifa ya polisi. Vinasaidia sana vikiwepo. Visipokuwepo, hati ya kiapo nayo ni ushahidi, na hakimu ndiye wa kuupima.

Halafu kuna kisanduku cha anwani. Mwombaji aliyekimbilia kwa dada yake anaandika kwa uaminifu mtaa na namba ya nyumba ya dada. Fomu inanakiliwa kama ilivyo, inaambatanishwa na amri, na nakala inakwenda kwa yuleyule aliyekimbiwa. Mahakama imemwelekeza mlangoni. Dawa yake ni karatasi moja ya ziada: anwani ya siri iandikwe kwenye fomu ya pembeni, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, ibaki ndani ya jalada kwa macho ya hakimu na mfikishaji, yaani mpeleka hati za mahakama, peke yao. Na kabla nakala ya mjibu maombi haijatoka, mtu aipitie kutafuta shule ya watoto, mahali pa kazi na namba mpya ya simu. Palipo na kumbukumbu za kielektroniki, mpangilio wa mfumo nao ukaguliwe, kwa sababu wino unaoficha maneno kwenye karatasi hauyafichi kwenye faili lililopakiwa.

Maneno ya amri yenyewe tunayaona yakiandikwa kwa mazoea. "Asimsumbue mwombaji" ni sentensi ambayo askari hawezi kuisimamia usiku wa manane, kwa sababu kila mtu ana tafsiri yake ya usumbufu. Andikeni: asifike ndani ya mita 100 kutoka alipo mwombaji, au kutoka sehemu hizi zilizotajwa, asimpigie, asimwandikie, asimtumie ujumbe kwa njia yoyote, wala kupitia ndugu, rafiki, wazee au watoto, asimfuatilie kwa simu, kamera au akaunti za mtandaoni, akabidhi silaha zake kituo fulani, kabla ya saa fulani, apewe risiti. Kama wanaishi nyumba moja, amri iseme nani anatoka, lini, na atachukuaje nguo, dawa na vitendea kazi vyake: mara moja, akiwa na askari, kwa muda uliotajwa. Amri isiyosema lolote kuhusu nguo hurudi kwenu kama ugomvi wa mlangoni. Watoto nao watajwe kwa majina, pamoja na namna ya kuonana nao bila wazazi kukutana, la sivyo kila siku ya kuwakabidhi itakuwa mwanya.

Sentensi moja zaidi tungependa iwe juu kabisa ya kila nakala ya mjibu maombi: "Hata mwombaji akikukaribisha, amri hii inakufunga wewe mpaka mahakama iibadilishe." Utetezi unaosikika kuliko wote ni kwamba "yeye mwenyewe aliniita". Amri haikutolewa na mwombaji. Hawezi kuilegeza kwa simu. Pia ondoeni ile tabia ya kuwapa wote wawili amri ili kuonekana hamkupendelea. Anayetaka kinga alete ombi lake na kiapo chake. Amri ya pande mbili isiyo na ombi la pili humwacha askari hajui amkamate nani, na mara nyingi huishia kuwakamata wote au kumwacha kila mtu.

Sasa tunafika pale tulipotaka kufika. Amri ambayo mtu haijui haiwezi kumfunga. Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, kama ilivyoandikwa awali, ilisema waziwazi kwamba amri ya muda haina nguvu mpaka ifikishwe kwa mhusika. Uingereza, tangu Julai 2007, kuvunja amri ya kutosumbua ni kosa la jinai, lakini kwa tendo alilolifanya mtu akiwa tayari anajua amri ipo. Mantiki ni ya haki. Maana yake ni kwamba kazi ya mpeleka hati, ambaye kwenye mipango yenu huwa mtu wa mwisho kupewa usafiri, ndiyo inayowasha amri.

Mambo huharibika hivi. Amri inatoka Ijumaa alasiri, mfikishaji ameshaondoka. Jumatatu anaichukua na kukuta anwani inasema "karibu na msikiti". Anakwenda saa nne asubuhi, mtu yuko kazini. Anarudi siku ya pili, ndugu wanasema amesafiri. Anamwachia jirani, jambo ambalo mahakama haitalikubali, au anairudisha masjala bila kuandika chochote. Wiki ya pili mwombaji anaulizia, anaambiwa: "Chukua mwenyewe umpelekee." Kauli hiyo ipigwe marufuku kwa waraka, iwe na adhabu. Kumtuma mwathiriwa apeleke amri kwa anayempiga ni kutengeneza tukio jipya kwa mkono wa mahakama.

Marekebisho yake hayahitaji bajeti kubwa. Fomu ya maelezo ya mjibu maombi ijazwe dirishani wakati uleule wa ombi: picha yake ya karibuni, majina yake yote pamoja na lakabu, simu, kazini kwake na saa zake za zamu, gari au pikipiki na namba yake, anaposhinda jioni, kama ana silaha, kama ana mbwa. Amri itoke na ufikishaji uanze siku hiyohiyo, kwa kuwa na mfikishaji wa zamu hata mwisho wa wiki. Jaribio la kwanza lisipofaulu, la pili liwe saa tofauti, la tatu kazini. Kila jaribio liandikwe tarehe, saa na alichokuta. Baada ya majaribio hayo masjala, bila kusubiri mwombaji aje na wakili, impelekee hakimu maombi ya kufikisha kwa njia mbadala: kwa mtu mzima wa nyumba hiyo, kwa kubandika mlangoni, au kwa ujumbe wa simu ambao mfumo unaonyesha umesomwa. Akiikataa kwa mkono, asomewe kwa sauti, iachwe miguuni pake, na mfikishaji aandike hivyo. Kukataa kupokea si kutofikishiwa.

Mwombaji aarifiwe nusu saa kabla na mara tu baada. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Saa zinazofuata baada ya mtu kusoma kwamba ametolewa nyumbani ndizo saa ambazo mwombaji hapaswi kuwa dukani peke yake akidhani hakuna kilichotokea. Ujumbe wa maneno sita unatosha: amri imefikishwa leo, saa tisa alasiri.

Baada ya hapo kuna hati ya uthibitisho, yaani kiapo cha mfikishaji kwamba amefikisha. Isipokuwa ndani ya jalada, hakimu siku ya kusikilizwa hana la kufanya ila kuahirisha. Na hapa ndipo amri nyingi hufa kimya. Hakimu anaandika "kesi imeahirishwa hadi tarehe 28", haandiki "amri ya muda inaendelea", na usiku huo amri inafikia kikomo. Mwombaji hajui. Ana nakala yenye tarehe ya zamani, na siku mlango unapogongwa, askari anaikunjua, anaangalia tarehe, anamrudishia. Kila kuahirisha kuambatane na maneno ya kurefusha na nakala mpya iliyogongwa muhuri, mkononi mwa mwombaji kabla hajatoka chumba cha mahakama, na nyingine kituoni. Huo ni mhuri mmoja wa ziada.

Haki ya mjibu maombi hatuisahau. Mtu ametolewa nyumbani kwake kwa maneno ya upande mmoja. Anastahili kusikilizwa haraka, kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na kujua kwamba anaweza kuomba tarehe isogezwe mbele. Afrika Kusini inamruhusu kufanya hivyo kwa kumpa mwombaji taarifa ya saa 24. Usikilizwaji wa haraka unawafaa wote wawili, kwa sababu amri inayorefushwa kila wiki mbili kwa miezi minane si ya muda tena, na mwombaji anayeomba ruhusa kazini mara kumi na sita atakuja siku moja asionekane. Asipoonekana, msikimbilie kuifuta. Mpigieni kwanza. Katika kesi ya Opuz dhidi ya Uturuki, mwaka 2009, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kwamba kuondoa malalamiko hakuifungi mikono serikali. Ni lazima itazame uzito wa kosa, silaha, vitisho vinavyoendelea na watoto waliomo. Mtu anayeondoa ombi pengine amesamehe. Pengine pia yuko nje ya mlango wenu na wazee wawili wa upande wa pili wamemshika mkono.

Kwa polisi tuna maneno machache na mazito. Askari wa zamu ya usiku akiletewa amri husema mara nyingi: "Hii ni kesi ya madai, rudi mahakamani Jumatatu." Pale ambapo sheria imefanya uvunjaji kuwa kosa la jinai, jibu hilo ni kutojua kazi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2015, kuvunja amri ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Brazil, iliyokuwa na sheria ya ukatili wa nyumbani, iitwayo Maria da Penha, tangu 2006 inayompa hakimu saa 48 kuamua, ilisubiri hadi 2018 kuufanya uvunjaji kuwa kosa linalojitegemea. Watunga sheria ambao bado mmeacha uvunjaji uwe wa kudharau mahakama tu, eleweni hivi: njia hiyo inadai ombi jipya, kiapo kipya, ufikishaji mpya na tarehe mpya. Mchokozi anajua hesabu hiyo kuliko ninyi.

Afrika Kusini ina kifaa tunachokipenda. Hakimu anapotoa amri hutoa papo hapo hati ya kumkamata mjibu maombi, kisha huisimamisha kwa sharti kwamba atatii. Akivunja, mwombaji anaipeleka kituoni pamoja na kiapo kifupi cha kilichotokea. Hakuna kurudi kuomba hati. Austria nayo, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1997, iliwapa polisi uwezo wa kumtoa mchokozi nyumbani hapohapo bila kusubiri hakimu, na marufuku hiyo sasa ni ya wiki mbili, ambazo mwathiriwa anazitumia kwenda mahakamani akiwa amelala kwake.

Lakini hata sheria kali hulegea mkononi mwa asiyeitekeleza. Juni 1999, Castle Rock, jimbo la Colorado, Marekani, mama mmoja alikuwa na amri iliyokwisha kufikishwa, na kwenye karatasi hiyohiyo palichapwa maagizo kwa polisi wamkamate mvunjaji. Baba akawachukua mabinti wao watatu. Mama alipiga simu mara kwa mara jioni na usiku ule, akaenda na kituoni, akaambiwa asubiri. Kabla ya alfajiri baba alifika kituoni akifyatua risasi, akauawa, na mabinti wote watatu wakakutwa ndani ya gari lake wameuawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai amri isimamiwe. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya Nchi za Amerika ikasema nchi hiyo ilishindwa kumlinda yeye na wanawe.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ripoti ijayo iwe na safu nne: siku kati ya kutolewa na kufikishwa, amri zilizoisha muda bila kufikishwa, amri zilizokufa kwa kuahirishwa, na taarifa za uvunjaji zilizozaa kukamatwa. Na kabla ya ripoti, fanyeni jaribio moja wiki hii. Tumeni mtu kwenye kituo chochote cha polisi saa nane usiku, akiwa na namba ya amri moja iliyo hai. Aulize ilifikishwa lini, na nani, na inakataza nini. Andikeni dakika alizosubiri jibu.

Wenu,
Wasaidizi wa kisheria na mawakili wa waombaji wa amri za ulinzi